Hivi kweli korti ya Kenya iliruhusu ndoa za jinsia moja? Tulifungue hili fundo

Kila baada ya miezi kadhaa inarudi. Mtu anatuma klipu kwenye grupu la wasap, picha ya majaji, maandishi makubwa KENYA YAHALALISHA NDOA ZA JINSIA MOJA, na kabla hata hujaifungua ushapata meseji kibao za hasira. Watu wazima, watu wa heshima zao, wanatupiana maneno ambayo wakikutana msibani hawatathubutu kuyarudia, na wanagombania hukumu ambayo hakuna kati yao aliyeisoma.

Jibu fupi nalitoa hapahapa ili asiye na muda ajiendee zake: hapana. Hakuna korti ya Kenya iliyoruhusu ndoa ya watu wa jinsia moja, na ile kesi ya tarehe 24 Februari 2023 iliyowasha moto wote huu haikuwa kesi ya ndoa. Ila jibu refu ndilo lenye faida, kwa sababu tumechukua maswali manne tofauti tukayafunga kwenye furushi moja tukaliita "ushoga", na kila swali hapo lina sheria yake na lina watu wake wa kulijibu.

Swali la kwanza ni la jinai. Yaani serikali ikufunge au isikufunge kwa sababu umelala na mtu mzima mwenzako wa jinsia yako, na wote mmekubaliana. Nchi ikiondoa hiyo jinai maana yake polisi hawana kesi na wewe, basi, hakuna kingine ulichopewa. Swali la pili ni haki za kawaida za kila raia, kupanga nyumba, kutibiwa hospitali, kuajiriwa, kuandikisha chama. La tatu ni ndoa ya serikali, ile ya bomani au kwa msajili wa ndoa, unayotoka nayo na cheti chenye muhuri. La nne ni ndoa ya dini, nikaha au sakramenti ya kanisani, na hiyo mwenye kauli ni dini yenyewe. Halafu kuna kitu cha katikati ambacho nchi nyingine zimekitengeneza, muungano wa kiraia, ambapo wawili wanaandikishwa na serikali na wanapata baadhi ya haki za mume na mke lakini haiitwi ndoa. Ufaransa walianza na mkataba wa namna hiyo mwaka 1999, Italia wana wa kwao toka 2016 na mpaka leo hawajaenda zaidi ya hapo.

Mimi huwa naelezea kwa kiwanja. Kuna mtu amejenga mahali ambapo tingatinga la manispaa linaweza kuja asubuhi yoyote likamvunjia, huyo ndiye anayeishi chini ya sheria ya jinai. Kuna mwingine tamko limetoka wasibomolewe, analala usingizi, lakini ukimuuliza hati hana, benki haimkopeshi, na akifa watoto hawana karatasi ya kushika mkononi, huyo ni yule wa nchi iliyofuta jinai peke yake. Wa tatu ana hati imesajiliwa ardhi kwa jina lake, huyo ndiye mwenye ndoa ya serikali. Na kama shehe au padri alikuja kuiombea nyumba siku ya kuhamia hilo ni jambo lingine kabisa, dua haikupi hati na hati haikupi dua. Sasa shida yetu ni kwamba tukisikia tu tingatinga limerudi nyuma, tunatangaza mtaa mzima kwamba jamaa kapewa hati.

Hiyo kesi ya Nairobi ilikuwa hivi. Wakili mmoja anaitwa Eric Gitari alitaka kuandikisha shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, na kama unavyojua ukiandikisha shirika hatua ya kwanza kabisa ni kuomba jina, wakuhifadhie lisije likachukuliwa na mtu mwingine. Akapeleka majina kwenye Bodi ya Kuratibu Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, hii ni 2012 kuelekea 2013, bodi ikakataa, akajaribu majina mengine, ikakataa tena, hoja yao ikiwa kwamba Sheria ya Adhabu inakataza vitendo vya jinsia moja kwa hiyo hilo jina halikubaliki. Akaenda kortini. Mahakama Kuu mwezi wa Aprili 2015 ikasema bodi imekosea. Bodi ikakata rufaa, Mahakama ya Rufaa Machi 2019 ikasema vilevile bodi imekosea, majaji 3 kwa 2. Bodi ikapanda tena mpaka Mahakama ya Juu, na huko ndiko ilikotoka hukumu ya Februari 2023, 3 kwa 2 tena, Mwilu, Wanjala na Njoki Ndung'u upande mmoja, Ibrahim na Ouko wakipinga. Miaka kumi ya korti juu ya kuhifadhi jina la shirika.

Na walisema nini hao watatu? Kwamba kifungu cha 36 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake, na huwezi kumnyima mtu kuandikisha chama kwa sababu tu ya nani anavutiwa naye. Wakaenda mbele kidogo wakasema kifungu cha 27, kile kinachokataza ubaguzi wa jinsia, kinamlinda pia mtu anayebaguliwa kwa sababu hiyohiyo, na nakiri hapa ndipo wapinzani waliposhtuka zaidi, maana waliona mlango umeachwa wazi. Lakini ndani ya hukumu hiyohiyo kuna maneno ambayo hizi klipu hazijawahi kuyaonyesha, kwamba mtu yeyote, wa aina yoyote, akivunja sheria zilizopo ataadhibiwa. Na sheria zilizopo hazikuguswa. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu bado kipo na kifungo chake bado ni mpaka miaka 14. Kwenye ule mfano wangu, kilichoamuliwa ni kwamba wanaoishi kwenye kile kiwanja wanaruhusiwa kuunda chama cha wakazi. Tingatinga bado limeegeshwa palepale.

Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akaomba majaji waipitie upya hukumu yao, wakamkatalia tarehe 12 Septemba 2023, na hapo wimbi la pili likaanza, klipu mpya, maneno yaleyale, safari hii "korti yathibitisha". Imethibitisha nini? Jina la shirika.

Sasa nisiwe kama nawaonea waliokasirika, maana wasiwasi wao una msingi mmoja ambao hata majaji wenyewe waliwahi kuusema. Kuna kesi nyingine, tofauti kabisa na hii, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Nairobi tarehe 24 Mei 2019 (usichanganye Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu, ya Juu ndiyo ya mwisho). Hiyo ndiyo iliyouliza swali la jinai moja kwa moja, kwamba kifungu cha 162 na cha 165 vifutwe. Majaji watatu wakakataa, vikabaki. Na mojawapo ya sababu walizotoa ni kwamba wakifuta jinai watu wataanza kuishi pamoja kama mume na mke na hiyo itagongana na kifungu cha 45 cha Katiba kinachozungumzia ndoa. Kwa hiyo wazo kwamba hatua moja inavuta nyingine halikutoka kwa watu wa tiktok, limo kwenye hukumu.

Je ni kweli hatua moja inavuta nyingine? Hili ndilo swali ninalotamani tungelijadili badala ya kutukanana, kwa sababu lina mifano halisi ya kuangalia. Afrika Kusini ilifanya hivyo kweli. Mahakama yao ya Katiba ilifuta jinai mwaka 1998, tarehe 1 Desemba 2005 ikasema kuwanyima wapenzi wa jinsia moja ndoa ni kuvunja katiba na ikalipa Bunge miezi 12 kurekebisha, Bunge likapiga kura Novemba 2006, 230 kwa 41, na sheria ikaanza tarehe 30 mwezi huohuo. Lakini katiba ya Afrika Kusini iko tofauti na zetu zote huku, kile kifungu chao cha usawa kinataja waziwazi mwelekeo wa kimapenzi kama jambo usiloruhusiwa kumbagulia mtu, wameliandika wenyewe baada ya ubaguzi wa rangi, korti haikulibuni. Sasa angalia wengine. Msumbiji iliondoa jinai kwenye sheria yake mpya ya adhabu 2015, Angola ikafuata 2021, Botswana korti zikaifuta 2019 na rufaa ikathibitisha 2021, na katika hizo tatu hakuna hata moja yenye ndoa ya jinsia moja. India ndiyo mfano mzuri kuliko wote, Mahakama yao ya Juu ilifuta jinai Septemba 2018 watu wakacheza barabarani, na mahakama hiyohiyo Oktoba 2023 ilipoombwa ndoa ikasema hilo si la kwetu, pelekeni bungeni. Kwa hiyo hatua ya kwanza inaweza kuvuta ya tatu na inaweza isivute, inategemea katiba ya nchi imeandikwaje na wananchi wenyewe wako wapi.

Na katiba ya Kenya imeandikwa hivi: kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari yao wote. Kifungu cha 45. Wapo mawakili wanaosema ukisoma kwa makini hapo hujakatazwa ndoa ya jinsia moja, umepewa tu haki ya ile nyingine, na kwa mtu wa sheria hiyo ni hoja ya kweli. Ila Sheria ya Ndoa ya 2014 imeziba hilo pengo, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, iwe ya mke mmoja au ya wake wengi. Na ukitaka kubadilisha kifungu cha 45 chenyewe, kiko ndani ya sura ya haki za msingi, na sura hiyo haibadiliki mpaka kura ya maoni, watu wapige wengi waseme ndiyo, na katika angalau nusu ya kaunti 47 wajitokeze wapigakura wasiopungua asilimia 20 ya walioandikishwa. Yaani mwenye kuogopa kwamba ataamka siku moja akute majaji wameshabadilisha katiba usiku, anaogopa kitu kisicho na njia.

Majirani wameandika kila mmoja kwa mtindo wake. Uganda walitia marufuku ya wazi kwenye katiba mwaka 2005, ndoa kati ya watu wa jinsia moja ni marufuku, neno kwa neno, na Burundi katiba yao ya mwaka huohuo iliandika hivyohivyo. Kongo katiba ya 2006 inasema mtu anaoa au kuolewa na amtakaye wa jinsia tofauti. Rwanda inatambua ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ya serikali na basi. Tanzania jambo hili haliko kwenye katiba, liko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Kwenye jinai ndiko tunakotofautiana sana, Rwanda hawana hiyo jinai kabisa, Kenya ni mpaka miaka 14, Tanzania kifungu cha 154 kinaanzia miaka 30 na kinafika maisha, Uganda kwa sheria waliyotia saini Mei 2023 ni maisha, na katika mazingira fulani waliyoyataja ni kunyongwa. Ukiona hapo utaelewa kwa nini mwanasheria wa Kampala akisikia watu wanajadili ndoa anashangaa, kwake swali bado ni la uhai wa mtu.

Haya, tuje kwenye ndoa yenyewe. Watu wengi wakisikia "haki ya kuoana" wanawaza harusi, shela, keki, picha. Lakini sherehe haikatazwi na sheria ya ndoa, na sherehe siyo inayoombwa kortini. Kinachoombwa ni ile karatasi na yale yanayokuja nayo, na yale yanayokuja nayo huyaoni mpaka siku ya shida.

Chukua kesi ya Marekani iliyobadilisha nchi nzima, iliyoamuliwa tarehe 26 Juni 2015 kwa majaji 5 dhidi ya 4. Jim Obergefell na John Arthur walikuwa wanaishi Cincinnati, jimbo la Ohio, wako pamoja miaka zaidi ya 20. John akapata ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoua misuli kidogokidogo mpaka mtu hawezi kupumua. Walitaka kuoana kabla hajafa lakini Ohio haikuruhusu, na yeye hali yake hawezi kusafiri kwa gari. Ndugu na marafiki wakachanga pesa ikakodiwa ndege ya wagonjwa, Julai 2013 ikawapeleka mpaka uwanja wa Baltimore, jimbo la Maryland ambako inaruhusiwa, na wala hawakushuka, wakafungishwa ndoa humohumo ndani ya ndege imesimama uwanjani, John amelala kitandani, shangazi yake ndiye aliyewafungisha, kisha ndege ikageuza ikarudi nyumbani. Miezi mitatu baadaye John akafa. Na kesi aliyoifungua Obergefell mwenyewe ilikuwa inagombania nini? Cheti cha kifo. Ohio ilikuwa inataka iandike kwamba marehemu hakuwa na ndoa, na palipoandikwa jina la mwenzi aliyebaki pawe wazi.

Miaka miwili kabla kulikuwa na ya bibi mmoja, Edith Windsor wa New York. Yeye na Thea Spyer waliishi pamoja zaidi ya miaka 40, wakaja kuoana Kanada 2007, Thea akafa 2009 akamwachia mali yake. Mke wa mwanamume angerithi bila kodi ya urithi ya serikali kuu. Edith akapelekewa bili ya dola 363,053, kwa sababu kwa macho ya serikali kuu huyo marehemu alikuwa si kitu kwake. Akashtaki, akashinda 2013.

Nimezieleza hizi kwa urefu kwa sababu nataka msomaji aone kwamba ndoa ya serikali ukiifungua ndani ni vitu vya namna hii, nani anaruhusiwa kuingia chumba cha wagonjwa mahututi na kutia saini operesheni, nani anachukua mwili mochwari, nani anabaki kwenye nyumba, nani anapata pensheni, mtoto mliyemlea pamoja ni wa nani mmoja akifa, mgeni anapata kibali cha kuishi kwa mgongo wa nani. Mjane yeyote aliyewahi kutolewa vyombo nje na mashemeji anajua thamani ya hiyo karatasi bila kuelezwa na mtu.

Hofu nyingine kubwa ni hii ya dini, kwamba serikali ikiruhusu tu, kesho shehe na mchungaji watalazimishwa. Hili nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu sana na halipaswi kupuuzwa, kwa hiyo tuangalie kilichotokea kwingine. Afrika Kusini dhehebu halifungishi ndoa chini ya ile sheria ya 2006 mpaka liombe lenyewe kuandikishwa kwa kazi hiyo, lisipoomba hakuna anayelisumbua. Uingereza sheria ya 2013 imelikataza kabisa Kanisa la Anglikana la huko kufungisha, yaani hata kasisi akitaka hawezi. Denmark kanisa lao la Kilutheri la kitaifa linafungisha toka 2012 lakini mchungaji mmoja mmoja anaruhusiwa kukataa. Pale penye ugumu wa kweli ni kwa mfanyakazi wa serikali, siyo kwa mtu wa dini. Kentucky, Marekani, mwaka 2015 karani wa kaunti anaitwa Kim Davis alikataa kutoa leseni za ndoa kwa sababu ya imani yake akakaa jela siku tano, na Afrika Kusini kile kipengele kilichomruhusu ofisa wa serikali kukataa kwa ajili ya dhamira kilifutwa 2020. Kwa hiyo anayesema "maimamu watalazimishwa" hajasema kweli, na anayesema "hakuna mtu yeyote atakayeguswa" naye hajamaliza.

Na kwenye dini huko ndiko tulikopata ule mkanganyiko mkubwa wa Krismasi ya 2023, "Papa karuhusu ndoa za mashoga". Tarehe 18 Desemba Vatikani ilitoa tamko linaloitwa Fiducia Supplicans, Papa Fransisko kalikubali, likisema padri anaweza kuwapa baraka fupi watu wawili waliomwendea, hata kama ni wa jinsia moja. Tamko hilohilo linasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwamba baraka hiyo isifanane na harusi, isitolewe siku ya kuandikishana serikalini, kusiwe na mavazi wala maneno ya harusi, na wiki chache mbele wakafafanua kwamba wanazungumzia kitu cha sekunde 10 au 15. Maaskofu wa Afrika kupitia Kardinali Ambongo wa Kinshasa wakajibu Januari 11, 2024 kwamba huku kwetu hata hizo hazitatolewa. Sasa unaweza kulipenda hilo tamko au kulichukia, lakini ndoa haimo, na mtu aliyehama parokia kwa sababu ya kichwa cha habari alihama kwa kitu ambacho hakikuandikwa.

Kuna jambo la kwetu kabisa ambalo pande zote mbili hulitumia vibaya. Wakurya wa Tarime wana nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume au aliyefiwa anatoa mahari, ng'ombe kabisa, anaoa mwanamke mwenzake, yule mke anazaa na mwanamume atakayepatikana na watoto wanakuwa wa ule mji. Wanandi nao wanayo, Wakisii nao. Wanaotetea wanasema "mnaona, Afrika ilikuwa nayo", wanaopinga wanasema huo ni uongo wa wazungu. Ukweli ni kwamba ipo, na ni ndoa ya kutafuta warithi na kuendeleza ukoo, hao wanawake si wapenzi na ukiwaambia hivyo utawatusi. Lakini ni ndoa, na korti inaitambua: Mombasa mwaka 2011 Mahakama Kuu ilipokea mgogoro wa mali ya mama mmoja wa Kinandi aliyeoa mke kwa mila, akafa, na jaji akakubali kwamba yule mke na watoto wake ndio warithi. Mimi ninachojifunza hapo ni kimoja tu, kwamba wazee wetu walipoona kuna mtu atabaki bila wa kumrithi na bila wa kumzika, walitengeneza njia ya kisheria ya kumfunika.

Hapa nitasema ninachoamini mimi, kisha tuendelee. Naamini watu wazima wawili waliotunzana wanastahili ulinzi wa serikali siku ya ugonjwa na siku ya kifo, na kama nchi haiko tayari kuuita ndoa basi iuite muungano wa kiraia, lakini isiwaache hewani. Najua wengi mnaosoma hapa mnasema hapana na sababu zenu ni za imani, na imani yenu siichezei. Ninachokataa ni mtu kufukuzwa nyumba ya kupanga au kupigwa barabarani kwa sababu ya klipu iliyosema uongo kuhusu hukumu ya jina la shirika.

Ile hoja kwamba ndoa hizi ni "mambo ya wazungu" nitaipitia haraka. Nchi zinazoruhusu ndoa hizi hazijafika 40 duniani. Wazungu wenyewe wamegawanyika, Italia, Poland, Bulgaria hawana. Taiwan wanayo toka Mei 2019, Thailand toka Januari 23, 2025. Na hivyo vifungu vya jinai tunavyovitetea kama mila vililetwa na Mwingereza, aliyeanza na sheria ya adhabu aliyoitunga kwa ajili ya India mwaka 1860 akaendelea kusambaza vifungu vya namna hiyo kwenye makoloni. Asili ya kitu haitoshi kukifanya kizuri au kibaya, na hoja hiyo inakata pande zote mbili, kwa hiyo bora tuiweke chini.

La mwisho ni swali ambalo watu wa nje huuliza kwa siri: nimefunga ndoa Toronto, au Cape Town, nikirudi nyumbani inakuwaje? Namibia walilipata hilo swali, Mei 2023 Mahakama yao ya Juu ikasema wenzi walioolewa nje watambuliwe kwenye mambo ya uhamiaji, na mwaka huohuo Bunge likapitisha miswada ya kulipindua. Kenya sheria iliyopo inakuona hujaoa wala hujaolewa. Ukifa bila wosia mali inakwenda kwa watoto wako, na kama huna, kwa wazazi au ndugu, mwenzako hata akiwa na cheti cha Kanada hamo. Ukiwa na wosia ni tofauti, Sheria ya Urithi inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumwachia amtakaye, ingawa waliokuwa wanakutegemea wanaweza kwenda kortini kudai fungu lao, na kwa Muislamu wosia hauvuki theluthi. Kwenye ardhi kuna mtego ambao wengi hawaujui: ule umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa nyumba inabaki moja kwa moja kwa mwenzake, sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 imeuacha kwa mume na mke tu mpaka upate ruhusa ya korti. Kwa hiyo wawili walionunua nyumba pamoja wasiandikishwe hivyo, waandikishwe kila mmoja na fungu lake, nusu kwa nusu au vyovyote walivyochanga, halafu kila mmoja aandike wosia wa fungu lake mbele ya mashahidi wawili ambao wenyewe hawarithi kitu.